Wapambe wa Kiini: Utangulizi wa Elimu-upambe

Penye mheshimiwa pana wapambe. Kanuni hii wachambuzi wa siasa wameishia kuilalamikia. Wanafizikia wameipima hadi desimali mbili. Mheshimiwa wao ni kiini cha atomi: kidogo kupindukia, kizito, chenye chaji chanya, na hakitoki ofisini. Elektroni ndizo zinazokizunguka, kila moja ikivutwa kwake na kila moja ikizisukuma nyingine. Swali la taaluma yetu, ambayo mpaka itakapopata idara yake chuoni tutaiita elimu-upambe, ni hili: aliyesimama nje ya geti anafikiwa na kiasi gani cha mheshimiwa baada ya waliomtangulia kuziba njia?

Kwa sodiamu jibu ni 2.2. Kiini chake kina protoni 11, lakini elektroni yake ya mwisho, iliyo peke yake huko nje, inavutwa kana kwamba ndani mna protoni mbili na ushei. Protoni tisa kasoro zimeishia kwa wapambe. Ndiyo maana kuing'oa elektroni hiyo kunagharimu elektrovolti 5.14 tu, ilhali kuing'oa inayofuata, ambayo inakaa ndani, kunagharimu 47.3. Raia wa nje hana sababu ya kumfia mheshimiwa asiyemfikia. Klorini ikipita, anahamia huko, na sisi matokeo yake tunayatia kwenye mboga.

Wapo wanaodhani kwamba cheo kikikua, mvuto nao unakua. Potasiamu ina protoni 19, nane zaidi ya sodiamu, na elektroni yake ya nje inang'oka kwa elektrovolti 4.34. Siziamu ina protoni 55, na yake inang'oka kwa 3.89. Anayetaka kujua tabia ya elementi asianze na protoni, aanze na waliosimama mlangoni.

Vitambulisho

Kila mpambe ana kitambulisho chenye namba nne, ziitwazo namba za kwanta. Ya kwanza, n, ilitolewa na Niels Bohr wa Copenhagen mwaka 1913: moja, mbili, tatu na kuendelea, nayo hutaja tabaka. Ya pili, l, ilikuja miaka miwili mitatu baadaye kutoka kwa Arnold Sommerfeld wa München. Huanzia sifuri na haiifikii n. Ya tatu, m, hutaja mwelekeo, na haionekani kazi yake mpaka atomi iwekwe mbele ya sumaku, kama alivyofanya Pieter Zeeman huko Leiden mwaka 1896 akaona mistari ya mwanga wa sodiamu ikinenepa. Katika tabaka la n mna nafasi 2n²: mbili, nane, kumi na nane, thelathini na mbili. Hakuna nyongeza, hata kwa ndugu wa mheshimiwa.

Kwa shughuli yetu muhimu ni mbili za mwanzo. Namba n inaeleza mpambe anakaa umbali gani kwa wastani. Namba l inaeleza mwenendo wake: ikiwa sifuri, anaingia mpaka mezani kwa mheshimiwa, inavyokua, ndivyo anavyozidi kubaki uani. Wachunguzi wa mwanga walikuwa wameshagawa herufi s, p, d na f kwa makundi ya mistari waliyoiona, kabla elektroni hazijajulikana zinakaaje. Fizikia ikazirithi herufi hizo kwa l za 0, 1, 2 na 3, na hakuna aliyejisumbua kuzibadilisha. Ofisi nyingi zina majalada ya namna hii.

Namba ya nne, nusu chanya au nusu hasi, iliingia kwa mlango wa nyuma. Februari 1922 mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha mkondo wa atomi za fedha kati ya ncha za sumaku, mkondo ukagawanyika mara mbili. Fedha ina elektroni 47, lakini 46 kati yake zimepangika hivi kwamba zinabatilishana. Sumaku ilikuwa ikizungumza na moja tu, ile ya nje. Stern alipenda kusimulia kwamba mwanzoni alama ya fedha kwenye kioo ilikuwa hafifu mno, haionekani, hadi alipoinamia kioo akakipumulia moshi wa sigara zake. Zilikuwa sigara za bei ya chini zenye salfa nyingi, kwa kuwa mshahara wake haukuruhusu nyingine, na salfa ikaigeuza fedha kuwa nyeusi. Elimu-upambe inatambua mchango wa mishahara midogo ya wahadhiri katika maendeleo yake.

Mabwana hao hawakujua bado wameona nini. Mapema mwaka 1925 kijana mmoja, Ralph Kronig, alimpelekea Wolfgang Pauli wazo kwamba elektroni inajizungusha yenyewe. Pauli akalikataa, Kronig akaliweka kabatini. Mwaka huohuo vijana wengine wawili wa Leiden, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, waliandika jambo lilelile. Kisha Hendrik Lorentz akawafanyia hesabu iliyoonyesha kwamba uso wa elektroni ungelazimika kukimbia kuliko mwanga, nao wakataka kuiondoa makala yao. Mwalimu wao Paul Ehrenfest akawaambia amekwisha kuituma, na kwamba wao bado ni vijana, wanaweza kumudu upuuzi mmoja. Upuuzi huo sasa unafundishwa sekondari. Pauli kwa upande wake ndiye aliyekuwa amedai namba ya nne iwepo, na ndiye aliyetoa amri ya 1925 ambayo utawala wote wa atomi unaitii: hakuna elektroni mbili katika atomi moja zenye namba zote nne zilezile. Alidai kitambulisho kiwe na mstari wa nne, akagoma kuambiwa mstari huo una maana gani.

Madaraja

Uainishaji wetu unamtegemea John Slater, Mmarekani, ambaye mwaka 1930 alitoa kanuni za kukadiria kila mpambe anaziba kiasi gani. Ni kanuni chache, zinaweza kuandikwa kwenye kiganja, na wanafunzi wameshajaribu.

Daraja la juu ni Wapambe wa Ndani, waliopo tabaka mbili au zaidi chini ya mwombaji, yaani elektroni ambayo mvuto wake ndio unaokadiriwa. Kila mmoja anaziba protoni moja kamili: 1.00. Huyu ni mpambe aliyefuzu. Amekaa ndani muda mrefu kiasi kwamba ukimtazama kwa mbali huwezi kumtofautisha na mheshimiwa, isipokuwa kwa alama ya chaji.

Chini yake wapo Wapambe wa Baraza, wa tabaka moja tu ndani ya la mwombaji. Wanaziba 0.85 kila mmoja. Ile 0.15 iliyobaki hutokana na kwamba mwombaji naye hakai mahali pamoja. Mara nyingine hujikuta amewapita.

Kisha wapo Wapambe wa Benchi Moja, wenye n ileile na mwombaji: 0.35. Wanasukumana kutwa nzima lakini hawazibiani sana, maana mara huyu yuko mbele, mara yule. Wale wawili wa tabaka la kwanza kabisa, 1s, Slater aliwapa 0.30, kwa sababu zinazoeleweka kwa mtu aliyewahi kuwa na mpambe mwenzake mmoja tu.

Mwisho wapo Watu wa Nje, nao wanaziba sifuri. Aliye nyuma yako kwenye foleni hakuzuii kumwona mheshimiwa hata akipiga kelele vipi. Hii ni jiometri tupu: chaji iliyotandazwa sawasawa kama ganda la mpira haimgusi aliye ndani ya ganda.

Hesabu ya sodiamu sasa inajieleza. Elektroni nane za tabaka la pili kwa 0.85 ni 6.8, mbili za tabaka la kwanza ni 2, jumla 8.8, na 11 ukiondoa 8.8 inabaki 2.2. Tembea kutoka hapo kuelekea kulia kwenye jedwali la elementi: magnesiamu, aluminiamu, na kadhalika. Kila hatua mheshimiwa anaongezewa protoni moja, na benchi linaongezewa mtu mmoja anayeziba 0.35 tu. Kwa hiyo kila hatua inaacha faida ya 0.65, na ukifika klorini yenye protoni 17, wa nje wanavutwa na 6.1. Atomi inasinyaa, benchi linasogea karibu na meza, na klorini inakuwa na njaa ya kumchukua raia yeyote aliyetelekezwa na mheshimiwa mwingine. Chumvi yote ya bahari imo katika tofauti hiyo ya 2.2 na 6.1.

Wapenyezi

Hapa inatubidi tumpinge Slater, kwa heshima zote.

Yeye aliwakalisha s na p kwenye benchi moja kana kwamba ni watu wa tabia moja. Katika haidrojeni angekuwa sahihi. Haidrojeni ni mheshimiwa mwenye mgeni mmoja na mpambe hata mmoja hana, kwa hiyo aliye 3s na aliye 3p wana nishati ileile, ukiacha tofauti nyembamba ambazo vyombo vya karne ya 20 vilihangaika kuzipata. Namba l ipo kwenye kitambulisho lakini mlinzi haisomi. Pakiwepo wapambe mambo hubadilika. Wingu la s lina sehemu ndogo iliyojichimbia ndani kabisa, kuwapita wapambe, hadi mahali ambapo hapana wa kuziba. Dakika chache pale mezani zinamtosha kujua mheshimiwa ana nguvu kiasi gani, na anakazika zaidi. Wingu la p linaingia kidogo. La d kidogo zaidi. La f linasikia habari kwa watu.

Ushahidi upo jikoni. Maji ya chumvi yakifurika kutoka sufuriani yakagusa moto wa gesi, mwali wa buluu unageuka njano mara moja. Njano hiyo ni elektroni ya nje ya sodiamu iliyopandishwa na joto hadi 3p, sasa inarudi 3s, na katika kurudi inatoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, yaani elektrovolti 2.1. Tazama vitambulisho: wote wawili wana n ya 3. Tabaka ni moja. Kilichotofautiana ni l peke yake, na l inatofautisha nishati kwa sababu tu kuna wapambe kumi katikati ambao mmoja anajua kuwapenya na mwingine hajui. Ondoa wapambe, na ngazi hizo mbili zinalingana, na hakuna njano. Taa za sodiamu zilizomulika barabara za miji mingi kwa miongo mingi zilikuwa zikiwaka kwa nguvu ya kupendelewa mlangoni.

Sasa chukua kanuni za Slater uzitumie kwa hizo ngazi mbili. Aliye 3s anapata 2.2. Aliye 3p anapata 2.2. Tofauti sifuri. Kwa kanuni hizo taa ya barabarani haiwaki. Hatusemi kanuni zitupwe. Tunasema anayezitumia asizitumie usiku. Na ukiichungulia njano hiyo kwa chombo kizuri, utaiona ni mistari miwili, 589.0 na 589.6. Huo mwanya wa nanomita 0.6 ni kazi ya namba ya nne, ile ambayo Pauli hakutaka ielezwe.

Wazembe

Kundi linalostahili sura ndefu kuliko zote ni la wapambe wasiojua kazi. Wa d, ambao ni kumi katika tabaka lao, huziba vibaya. Wa f, ambao ni kumi na nne, huziba vibaya zaidi: mawingu yao yamegawanyika vipande vipande vilivyoelekea huku na huku, yakiacha mianya mikubwa. Ukiwakuta kumi na nne wamejazana barazani utadhani hapapenyeki. Mheshimiwa anaonekana vizuri tu.

Kuanzia lanthanamu, namba 57, hadi lutetiamu, namba 71, mheshimiwa anaongezewa protoni 14 na baraza linaongezewa wazembe 14. Protoni zinafanya kazi kamili, wazembe wanafanya nusunusu, na matokeo ni kwamba atomi zinasinyaa hatua kwa hatua. Victor Goldschmidt alilipa jambo hili jina mwaka 1925. Lakini mwathirika wake mkubwa alikuwa ameshapatikana, na kisa chake ndicho hazina ya taaluma yetu.

Mwaka 1913 na 1914, Mwingereza Henry Moseley alipima eksirei zinazotolewa na elementi moja baada ya nyingine, akakuta kwamba kipeuo cha pili cha masafa yao kinapanda sambamba na namba ya protoni ukitoa moja. Hiyo moja ni mpambe. Elektroni moja ikitolewa tabaka la kwanza, mwenzake anabaki pale, na yule anayeshuka kutoka tabaka la pili kujaza pengo anamkuta amesimama njiani. Moseley aliona kivuli cha mpambe mmoja, mwenye thamani ya karibu 1.00, miaka kumi na sita kabla ya Slater kutoa bei. Kwa kipimo hicho iliwezekana kuonyesha kwamba katika orodha ya elementi palikosekana watu wenye namba 43, 61, 72 na 75. Agosti 1915 aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na umri wa miaka 27.

Namba 72 ikagombewa. Georges Urbain wa Paris alidai ameshaipata miongoni mwa metali adimu za ukoo wa lutetiamu. Bohr, aliyekuwa akihesabu viti, alisema haiwezekani: viti vya f ni kumi na nne, vinajaa ikifika 71, na wa 72 lazima awe mtu wa d, jamaa ya zirkoniamu. Dirk Coster na George de Hevesy, wote wakiwa Copenhagen, wakaenda kutafuta kwenye madini ya zirkoniamu kwa eksirei za Moseley. Walimkuta. Habari ilimfikia Bohr Stockholm, Desemba 1922, akaitangaza katika mhadhara wake wa Nobeli, na elementi ikaitwa hafniamu kwa jina la Kilatini la mji wa Copenhagen.

La kushangaza ni mahali alipokuwa amejificha. Zirkoniamu ilijulikana tangu 1789. Kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini wanakemia waliipika, wakaisafisha, wakaipima uzito, na muda wote huo ilikuwa na asilimia kadhaa za hafniamu ndani yake. Hawakuona, kwa sababu atomi hizo mbili zina ukubwa mmoja: nusu kipenyo cha pikomita 160 na 159. Hafniamu ina protoni 32 zaidi na tabaka zima la ziada. Kwa haki ingekuwa pandikizi la atomi. Wazembe wake 14 waliruhusu mvuto mwingi kiasi cha kuibana hadi ikalingana na jamaa yake mdogo. Leo wajenzi wa vinu vya nyuklia hulipia gharama ya uzembe huo, maana zirkoniamu hupitisha nyutroni na hafniamu huzimeza, na kuzitenganisha elementi mbili zinazofanana hivyo ni kazi ya kuchosha.

Kuhusu chuma tutasema machache. Elektroni zake za 4s hukalishwa kabla ya zile za 3d, na chuma kikianza kutu, za 4s ndizo hutangulia kuondoka. Slater, ambaye waombaji wa d aliwawekea bei zao, analieleza vizuri: mwenye 4s anavutwa na 3.75, mwenye 3d na 6.25. Aliyewahi kufika si lazima ndiye aliyefungamana. Kromiamu na shaba huhamisha mtu mmoja kutoka 4s kwenda 3d bila kuomba ruhusa ya mwongozo wa ujazaji, na paladiamu, ambayo jedwali linaiweka katika kipindi cha tano, haina elektroni hata moja katika tabaka la tano. Tumeandika barua; haijajibiwa.

Pingamizi

Msomaji makini atauliza: mpambe yupi hasa? Wa ndani wa heliamu, kwa mfano, ni wawili. Yupi ana nusu chanya na yupi ana nusu hasi? Swali hili linaiumiza taaluma yetu mahali pabaya. Elektroni hazina sura. Ukizibadilishana nafasi mbili, hakuna kipimo kitakachotambua, na hesabu yenyewe ya kwanta inageuza alama tu kutoka chanya kwenda hasi na kuendelea na shughuli zake. Haiwezekani kumfuata mpambe mmoja kuanzia baraza hadi mezani na kuandika wasifu wake. Hivyo vyote tulivyoviainisha hapo juu, madaraja, wapenyezi, wazembe, ni viti. Aliyekaa s ni mpenyezi kwa sababu kiti cha s kinapenyeza, na kesho akikaa f atakuwa mzembe kama wengine. Wasomaji wenye uzoefu wa ofisi hawatashtuka.

Viti vyenyewe navyo havikutulia. Katika atomi nzito elektroni za ndani kabisa hukimbia kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Katika dhahabu, yenye protoni 79, aliye 1s huenda kwa zaidi ya nusu ya kasi hiyo. Athari ya kasi hiyo huvibana viti vya s, na viti vya s vikibanwa vinaziba vizuri zaidi, hivyo vya d na f vinasukumwa nje. Umanjano wa dhahabu hutoka hapo. Bila hayo ingekuwa nyeupe kama fedha.

Kesi iliyo mezani sasa ni ya lorensiamu, namba 103. Kwa kufuata utaratibu, elektroni yake ya mwisho ilipaswa kukaa 6d. Hesabu zinazozingatia kasi zinasema imekaa 7p, kiti ambacho hakuna aliyeitangulia kwenye jedwali aliyewahi kukikalia. Mwaka 2015 watafiti wa Tokai, Japani, wakifanya kazi kwa atomi moja moja, walipima nishati ya kuing'oa wakapata elektrovolti 4.96, karibu sana na ile ya hesabu hizo. Watunga jedwali bado wanavutana kama wa kukaa chini ya itriamu ni lutetiamu na lorensiamu au ni lanthanamu na aktiniamu. Taarifa ya awali ya kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Kemia ya mwaka 2021 iliwaelekea wawili wa kwanza. Sisi wa elimu-upambe tumeshamfungulia mpambe huyo wa 7p jalada. Taabu ni kwamba atomi zilizopimwa Tokai ni za aina ambayo nusu yake huwa imekwisha kuoza ndani ya sekunde 27, na fomu yetu ya utambulisho ina kurasa nne.